Piko la Nada

Kila alasiri Zuleha alipotoka shule alivua sare, akala haraka haraka, kisha akaenda kufagia saluni ya mama yake. Saluni hiyo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaa wa Makorora, Tanga. Akimaliza kufagia huchekecha hina kwa kitambaa chepesi mpaka vumbi lake limpigishe chafya. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo, wala hakuficha.

Chumba cha uani kilikuwa cha Nada, msichana kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro. Alisomea uuguzi katika chuo kimoja upande wa Raskazone. Mama yake Nada na Mwatumu, mama yake Zuleha, walijuana zamani katika biashara ya kanga, ndiyo maana binti huyo alikabidhiwa kwa Mwatumu.

Nada alikuwa na mkono wa ajabu. Siku ya kuamkia Idi alimpaka Zuleha piko, ile rangi nyeusi ya urembo, akamchorea maua membamba kutoka vidoleni hadi kiwikoni, na majirani wakamiminika kuuliza nani kapaka. Mwatumu akaona riziki imeingia yenyewe. Akamtaka Nada awe anapaka mabibi harusi pale saluni, naye atamlipa.

"Mama, siwezi," Nada alisema. "Kibali changu ni cha masomo. Kazi ya kulipwa inataka kibali kingine, na mimi sina. Wakinikuta watanirudisha kwetu."

Mwatumu akacheka. Akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na tangu lini mtu akakamatwa kwa kumsaidia mama yake? Nada akainamisha kichwa. Unapolala katika nyumba ya mtu, neno hapana ni zito kulisema mara ya pili. Zuleha alikuwa pale pale na hina yake, akasikia yote. Badala ya kumtetea, akafurahi kwamba wateja wataongezeka. Alipopakwa bibi harusi wa kwanza, Zuleha akaipiga picha ile mikono, akaisambaza kwa simu ya mama yake pamoja na jina la Nada.

Wateja wakaja kweli. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi, mvua ikinyesha, akaja afisa wa uhamiaji aitwaye Consolata. Alimkuta Nada ameshika mkono wa mteja, piko bado bichi. Mwatumu akamkonyeza bintiye, na Zuleha akaelewa anachotakiwa kusema.

"Huyu ni nani wenu?" afisa alimuuliza.

"Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Anatusaidia tu."

"Shangazi yako anaitwa nani?"

Zuleha alifungua mdomo, jina lisije. Nada alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi, kisha akaenda chumbani kuleta pasipoti yake mwenyewe.

Uongo ule ulizidisha mambo. Sasa ilionekana Nada hakuvunja sharti la kibali tu, bali pia alikula njama na wenyeji wake kudanganya serikali. Chuo kikamsimamisha mpaka shauri lake liishe, na mitihani ilikuwa imekaribia. Akajifungia chumbani. Chakula alichopelekewa kilirudi kama kilivyokwenda, na nyumba nzima ikawa kama ya matanga.

Ndipo mama yake Nada alipopiga simu kutoka Ngazija. Aliuliza mbona binti yake hapokei simu, kwani anaumwa? "Mwatumu, mwanangu nimekukabidhi wewe," alisema.

Simu ilipokatika, Zuleha akasogea. "Mama, dada Nada alikataa. Mimi nilimsikia. Twende tukaseme."

"Watanifungia saluni, mwanangu. Tutakula nini?"

"Sijui, mama. Lakini yeye atafukuzwa kwa makosa yetu."

Mwatumu akainuka akavaa baibui.

Huko ofisini Zuleha alimwamkia afisa Consolata, akaeleza yote: Nada alivyokataa, mama alivyomshawishi, ile picha, na binamu asiyekuwapo. Mwatumu hakukanusha hata moja. Shauri likaamuliwa baada ya majuma kadhaa. Mwatumu alitozwa faini nzito, na Nada akapewa onyo na ruhusa ya kuendelea na masomo. Lakini mitihani ilikuwa imeshapita, ikambidi arudie mwaka mzima.

Nada akahamia bweni la chuo. "Nimewasamehe," alimwambia Zuleha mlangoni, "ila kukaa hapa siwezi tena." Bajaji ilipoondoka, Zuleha alilia kwa kwikwi.

"Hata mimi roho inaniuma," Mwatumu alisema. "Nilimwita mwanangu, kumbe namtumia. Mgeni aliyekuja kusoma ana masharti yake, na anayempenda humsaidia kuyashika. Tena nikakufundisha kusema uongo, jambo ambalo mzazi hafai kumfundisha mtoto. Ukiulizwa, Zuleha, sema kweli mapema, kabla mwingine hajaumia."

Jioni hiyo mama mmoja alibisha hodi na binti yake anayeolewa. Alimtaka yule fundi wa piko kutoka Ngazija. Mwatumu alianza kusema kwamba amesafiri, akasita.

"Hayupo," Zuleha akasema. "Hakuwa na ruhusa ya kazi, na sisi tulijua tukamfanyisha."

"Ni kweli," mama yake akasema.