Fremu Iliyomwagwa Mara Mbili

Jumamosi, saa kumi jioni

Chumba kilinuka mafuta ya kondoo. Mbele lilikuwa duka la mishumaa. Nyuma palikuwa na meza moja, watu watatu na jagi la bia.

Dorcas alichovya kidole kwenye bia akachora juu ya meza. Ukuta. Lango la nyuma. Jiko. Jikoni, juu ya meza ya jiwe, akaweka kipande cha jibini.

"Fremu iko hapa," alisema.

Fremu hiyo, chuma kinachobana herufi za kuchapia, ndiyo ingemnyonga mumewe. Gervase alikuwa mchapaji. Kiangazi chote alikuwa amechapa kijitabu kinachosema kwamba ndugu wa mfalme, kwa kuwa ni Mkatoliki, asirithi kiti cha enzi. Kurasa nane tu. London nzima ilikisoma, wengine chooni, wengine kanisani ndani ya kitabu cha sala. Dorcas na wanawake wenzake walikiuza mitaani, kimefichwa chini ya kabichi. Kisha Bwana Thurlby, mkaguzi wa vitabu, akavunja mlango wao. Alimchukua Gervase na kila kitu kilichokuwa karakanani.

Kesi ilikuwa Jumatatu asubuhi. Thurlby alijigamba kila baa kwamba ataipaka fremu wino mbele ya wazee wa baraza, achape ukurasa palepale, wauone ukiwa bado mbichi. Kijitabu mtu anaweza kukikana. Fremu yenye herufi za madini ya risasi zilizobanwa neno kwa neno, iliyotoka chini ya paa lako, huikani. Na adhabu ya uhaini haiishii kwenye kamba. Kuna kisu baada ya kamba.

Fremu ilikuwa nzito. Huwezi kuivusha ukuta kimyakimya. Dorcas hakutaka kuivusha. Alieleza kwamba kinachoibwa si chuma, ni maneno. Herufi zinashikwa na kabari za mbao. Legeza kabari, inamisha fremu, herufi zote zinamwagika sakafuni. Hakimu asome rundo la risasi kama anaweza.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera. Gervase, kutoka nyuma ya nondo za gereza, alikuwa amemwambia kwamba usiku ule wa kukamatwa aliipiga teke fremu ikamwagika yote. "Nimeimwaga, Dorcas. Nenda kalale," alisema, huku meno yakigongana kwa homa.

"Ni homa hiyo, shemeji," Lemuel Tapp alisema. "Mwenye homa ya gereza huona hata malaika."

Lemuel ndiye aliyepanga herufi za kijitabu kile, moja moja, kwa mkono wake wa kushoto. Alikuwa mashoto, na mwepesi kuliko mpangaji yeyote wa mtaa ule. Miaka sita alikula meza moja na Gervase. Usiku askari walipokuja, yeye alikuwa ametoka kununua bia. Sasa alisema kijakazi wa Thurlby ameiona fremu ikiwa nzima. Dorcas hakuridhika na maneno. Alimtuma muuza mayai wake akachungulie jikoni kwa Thurlby, akarudi akasema ndiyo, ni nzima, iko juu ya jiwe. Usiku huo Dorcas alilia. Alidhani homa imeshamla mumewe akili.

Wa tatu alikuwa Barnabas Lusk, mwenye mkokoteni wa farasi. Alikuwa wa ile dini inayomwita kila mtu rafiki, haivui kofia hata kwa hakimu, haiapi na haisemi uongo. Kwa wizi, huyo ni mzigo.

"Tunakwenda kuvunja nyumba na mtu asiyeweza kudanganya," Lemuel alisema. "Si bora tukodi mpiga mbiu kabisa?"

Barnabas alitafuna jibini lililokuwa fremu. "Naweza kunyamaza, rafiki. Kunyamaza si uongo. Nawe jaribu siku moja."

Lemuel akavuta Biblia iliyokuwa rafuni, akaweka mkono juu yake, akaapa kwamba atasimama na shemeji yake mpaka mwisho. Hakuna aliyemwomba. Barnabas hakuapa. Dorcas, Mungu amsamehe, alilala akimtegemea yule aliyeapa.

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi. Glasi ya kwanza

Mchungaji wa parokia ile alihubiri kwa glasi ya mchanga ya kupimia saa. Mchanga ukiisha aliipindua, akaendelea. Glasi mbili kila Jumapili, hakuna aliyewahi kumsikia akipunguza. Nyumba ya Thurlby ilitazamana na kanisa, na watu wa nyumba hiyo wote, mpaka mpishi, walikuwa wamekwenda kuketi chini ya mimbari.

Mkokoteni ulipita chini ya lango la jiji. Juu yake, kwenye ncha za miti iliyosimikwa, vilikuwa vichwa vya waliohukumiwa mwaka jana. Kunguru walishamaliza kazi, wamehamia kwingine. Dorcas hakuinua macho. Ukungu ulikuwa mzito na maduka yote yamefungwa. Mtaa ule hukuwahi kuuona mtupu namna ile.

Barnabas alisimamisha farasi penye lango la nyuma. Kazi yake ilikuwa moja. Akiona hatari, apige ubao wa mkokoteni.

Lango halikuwa limekomewa. Lemuel akasema kijakazi kawaachia wazi. Ndani, mbwa mkubwa wa kijivu akainuka kutoka kwenye majani. Dorcas akaganda. Mbwa akamwendea Lemuel, akamnusa viatu, akatikisa mkia.

"Mbwa wananipenda," Lemuel alinong'ona.

Jikoni nyama ilikuwa inachemka polepole. Fremu ilikuwa pale juu ya jiwe. Nzima. Herufi zimeoshwa zinang'aa, na Gervase hakuwahi kuosha herufi zake namna ile maishani. Pembeni palikuwa na kigoda, mishumaa iliyokwisha na nyundo ya mbao.

Dorcas alichukua nyundo. Miaka minane alimsaidia mumewe kwenye meza kama hiyo, alijua pa kugonga kabari ilegee. Akagonga.

Kabari ikakaza.

Akagonga tena. Ikakaza zaidi. Akainama, akatazama. Mbao za kabari zilikuwa mpya, nyeupe, na zote zilielekea upande usio wake. Gervase hupigilia kutoka kulia, kama wachapaji wote. Hizi zilipigiliwa kutoka kushoto.

Mkono wa kushoto. Mbwa, lango, mishumaa. Alielewa vyote kwa mara moja, akajichukia kwa kutomwamini mumewe.

"Lemuel. Aliimwaga kweli, siyo?"

Lemuel alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia wala hakutoka.

"Aliimwaga."

"Nawe ukaizoa."

"Nimeipanga siku nne, shemeji. Herufi zililetwa kwenye gunia. Zimechanganyika na majivu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Walinikamata nikinunua bia usiku uleule. Thurlby alinivisha kamba shingoni nione uzito wake. Ningefanya nini?"

Wazee wetu husema maji yakimwagika hayazoleki. Risasi si maji. Inazoleka, ukimpata mtu mwenye vidole vyepesi na woga wa kutosha.

"Na leo ulinileta kwa nini?"

"Wanakutaka wewe. Wewe na wanawake wako wa kabichi."

Nje, ubao wa mkokoteni ukalia. Mara mbili.

Saa tano na robo. Glasi ya pili

Thurlby alikuwa ametoka kanisani kwa mlango wa pembeni, na askari wanne nyuma yake. Dorcas aliisikia sauti yake langoni.

"Nani yumo ndani?"

"Sitakwambia, rafiki," Barnabas alijibu.

"Kwa hiyo kuna mtu."

"Nimesema sitakwambia. Ningekuwa wa kudanganya, ningesema hakuna."

Kikasikika kishindo. Walimpiga kofia ikaanguka, na yeye akaanguka na kujinyoosha kwa upana wake wote mbele ya lango. Haikuwa kupigana. Dini yake haikumkataza kulala chini.

Dorcas aligeuza nyundo, akagonga kutoka kushoto. Kabari ya kwanza ikalegea. Lemuel akasogea, mikono mbele kama anayemtuliza farasi.

"Usijisumbue, shemeji. Ukiimwaga nitaipanga tena usiku huu. Sasa herufi hazina majivu, na naijua yote kwa kichwa. Thurlby hawezi kuita mpangaji mwingine, maana itabidi amwambie kwamba ushahidi umepangwa upya. Ila mimi nipo."

Alisema hivyo kwa huruma. Hilo ndilo lililomuumiza Dorcas kuliko yote. Akagonga ya pili, ya tatu, ya nne. Akashika ukingo wa fremu kwa mikono miwili akainamisha.

Herufi zikamwagika juu ya mawe kama maharage kutoka gunia lililotoboka. Zilitawanyika mpaka mekoni, mpaka chini ya mlango.

Na Lemuel akafanya kile ambacho mpangaji herufi yeyote angefanya. Tangu utotoni alichapwa viboko kwa kila herufi iliyoanguka. Kabla ya kufikiri alishapiga magoti, mkono wa kushoto umekunjuka sakafuni, unazoa.

Dorcas aliutazama mkono ule. Ulikuwa umeshika mkate wake miaka sita. Ulikuwa na usiku mmoja wa kufanya kazi.

Hakuwa amewahi kumpiga mtu. Aliinua nyundo akaishusha, na machozi yakamtoka kabla Lemuel hajapiga kelele. Akaishusha tena. Mara ya tatu mfupa ulilia kama kuni mbichi. Ng'ambo ya mtaa mchungaji hakukatiza mahubiri.

Thurlby aliingia akaona damu kwanza. Kisha akaona sakafu. Alichuchumaa, akaokota herufi moja, akaitazama, akautazama mkono wa Lemuel uliokuwa haufanani tena na mkono.

"Mfungeni mwanamke," alisema mwishowe.

Dorcas aliweka nyundo juu ya jiwe, akawapa mikono yake. Lemuel alikuwa amejikunja karibu na nyama inayochemka, akirudia neno moja tu, shemeji, shemeji, hata askari mmoja akamwambia anyamaze.

Jumanne, saa sita mchana

Jumatatu Thurlby alipeleka gunia la herufi mahakamani. Alilifungua mbele ya wazee wa baraza, na mmoja wao, muuza nyama, akauliza kama wanatakiwa kulisoma kwa miwani. Hakimu alikasirika, lakini kicheko kilishatoka. Jioni Gervase alikuwa nje, ngozi na mifupa.

Barnabas alipewa kifungo cha miezi sita. Aliulizwa kama alijua wanachoendea, akasema alijua.

Jumanne mchana Gervase alisimama nje ya nondo zilezile, mahali mkewe alipokuwa akisimama. Kesi ya Dorcas ilikuwa Ijumaa. Kwa kuvunja nyumba na kumlemaza shahidi wa mfalme, hakuna wakili jijini aliyekubali hata kulisikia jina lake. Gervase alishika chuma kwa mikono miwili, mashavu yamelowa, akamwomba msamaha kwa kila ukurasa aliochapa.

Dorcas alipitisha vidole kati ya nondo, akagusa paji lake la uso kuona kama homa imeshuka. Ilikuwa imeshuka.

"Nimeimwaga, Gervase," alisema. "Nenda kalale."