Shimo Ndani ya Samli

Kila siku ya gulio, likizo ya Juni inapofika, Ernesta hushuka kutoka Suji kwenda Same kumnunulia bibi yake samli. Jua la Same halina mchezo. Watu husema hata mjusi huvuka barabara kwa kurukaruka. Siku moja samli ya Mama Naisiae, mfugaji wa kule tambarare, ilimiminika kama maji mpaka ikafika kwenye uzi wa shanga aliouzungushia chupa ya kioo.

"Uzi huu ndio shahidi wangu," alisema. "Samli isipofika hapa, kuna mdomo umepita."

Suji nako, baridi humfanya jogoo awike akiwa amejikunyata. Asubuhi yake Bibi Dorkas aliitoa chupa dirishani. Samli ilikuwa imeganda, na katikati ina shimo, kana kwamba imechotwa kwa kijiko.

"Ernesta! Umedokoa?"

"Nililamba kidole kimoja tu, Bibi. Jana njiani, pale Makanya."

"Kidole au mkono mzima?" Loth, mdogo wake, alicheka. "Dada Panya!"

"Basi," Bibi akasema. "Kuanzia leo, gulioni ataenda Loth."

Machozi yalimlenga Ernesta. Akaitazama chupa. Jana maji, leo jiwe!

"Bibi, tuipashe moto kwanza. Uzi useme."

Bibi akaguna, akaisimamisha chupa ndani ya sufuria ya maji vuguvugu kando ya mafiga. Samli ikaanza kung'aa pembeni. Shimo likajifumba. Yote ikawa rangi ya dhahabu, ikapanda taratibu, na hakuna aliyeongeza hata tone! Loth akasahau kufunga mdomo.

"Mungu wangu, inapumua!" Bibi alinong'ona.

Ikasimama chini kidogo tu ya uzi.

"Hapo ndipo kidole changu kilipopita," Ernesta akasema.

Birika nalo likachemka, mvuke ukarusha kifuniko. Loth akaruka nacho.

"Ni moto uleule," Ernesta alimwambia. "Unayeyusha kilichoganda, unageuza maji kuwa mvuke, na vyote vinataka nafasi. Baridi ikija, vinajikunja."

"Kama mimi," Bibi akacheka. Kisha akamshika bega. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nimehukumu kabla ya kupima. Nawe umekiri hata kidole ambacho hakuna aliyekiona. Gulioni utaenda wewe. Ukweli hata ukiganda, haupungui."

Akachovya kidole, akalamba. "Sasa tumelingana."