Upepo wa Nyuma

Gari lilikutwa limekufa kwenye kona, pale barabara inapoanza kupanda kutoka Mitunguu kwenda Nkubu. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Turubai la nyuma lilikuwa likipigapiga. Ndani ya tangi hapakuwa na petroli hata ya kulowesha kitambaa.

Lilikuwa Land Rover la zahanati ndogo, iliyojengwa na wakulima wa ndizi kwa michango yao. Kazi yake ilikuwa moja: kupandisha wagonjwa na akina mama wajawazito hadi hospitali huko Meru. Ijumaa ile asubuhi lilimbeba Makandi, mimba yake ya kwanza. Mtoto hakungoja petroli. Alizaliwa juu ya majani ya ndizi kando ya barabara, muuguzi Cicily akiwa amepiga magoti vumbini. Lori la mchanga ndilo lililowafikisha hospitali. Mama mzima, mtoto mzima. Lakini ilikuwa bahati, na kila mtu alijua ni bahati.

Kufika saa sita, dereva wa gari, Ogle, alikuwa ndani ya seli.

Inspekta Nyaga aliletewa kesi hiyo kwa sababu wenzake waliikataa. Ni mtu wa Manyatta, upande wa Embu, mwembamba, mwenye miguu isiyotulia ofisini. Alipofika kwenye kona alimkuta Muthamia, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, amesimama kando ya gari kama mtu anayelinda maiti. Makandi ni binti yake.

"Mwizi mnaye tayari," Muthamia alisema. "Umekuja kutafuta nini tena?"

"Ushahidi, Mwenyekiti."

"Ushahidi ni tangi hilo. Bei ya petroli imepanda mwaka huu mpaka watu wanafunga magari uani, na dereva wangu anafyonza na kuuza. Mtoto wangu amezaa barabarani kama mbuzi."

Nyaga alivua koti, akalala chali chini ya gari. Alipapasa bomba la petroli kutoka mwanzo hadi mwisho. Kavu. Akakagua mdomo wa tangi. Hapakuwa na mkwaruzo wala alama ya mpira wa kufyonzea. Akatembea nyuma ya gari akiangalia alama za tairi kwenye vumbi. Za mbele zilikuwa nyembamba. Za nyuma zilikuwa pana, zimetandaa.

"Gari lilikuwa na mzigo?" aliuliza.

"Mzigo gani? Mama mmoja na muuguzi."

Nyaga aliliweka hilo kichwani, akavaa koti lake.

Kituoni, Ogle aliletwa mbele yake bila mshipi wala viatu. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza kuota mvi, mzaliwa wa kaskazini aliyehamia Meru mjini na jamaa zake miaka mingi iliyopita.

"Petroli umemuuzia nani?"

"Hakuna mtu, Afande."

"Tangi lilijazwa lini?"

"Jumatatu, Meru. Sista Cicily alikuwepo."

"Zamani lilikuwa linatosha mpaka lini?"

"Jumamosi, na inabaki kidogo."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi Alhamisi ni petroli, Ijumaa ni dua."

Konstebo wa mlangoni alicheka. Nyaga hakucheka.

"Geji haikukuonyesha?"

"Geji ilikufa kabla mimi sijaandikwa kazi."

"Basi nani anakunywa petroli hiyo?"

"Gari yenyewe. Imekuwa nzito. Ikipanda mlima inalia kama punda wa kuni. Nimesafisha kabureta, nimebadilisha plagi. Bado."

"Ulimwambia Mwenyekiti?"

"Nilimwambia. Akasema kilicho kizito ni mfuko wangu."

Nyaga alikuwa amehoji wezi wengi, na mwizi huwa na jina la mtu mwingine tayari mdomoni. Huyu hakumtaja mtu.

"Jumatatu unapelekwa kortini," alimwambia. "Ukifungwa, hakuna atakayekupa usukani tena."

"Najua, Afande. Na usukani ndio kitu pekee ninachojua."

"Kesho utaendesha gari hilo. Mimi nitakuwa ndani."

Jumamosi asubuhi Land Rover lilijazwa petroli mpaka juu, watu wakiangalia. Nyaga alichovya kijiti cha mti wa kahawa ndani ya tangi, akakichonga alama kwa kisu pale petroli ilipofika. Kisha akafunga kifuniko, akakizungushia uzi, akakimwagia lakiri iliyoyeyushwa na kuigonga muhuri wa polisi.

"Sasa hata shetani hafyonzi," alisema.

Muthamia aliomba kuwa shahidi. Cicily naye alitaka kumwona Makandi hospitalini, kwa hiyo alipanda nyuma, peke yake, na blanketi. Inspekta na Mwenyekiti walibanana mbele na dereva. Njia nzima Muthamia hakuondoa macho kwenye mikono ya Ogle, kana kwamba petroli ingepitia kwenye vidole.

Gari lilipanda likilia. Walipofika Meru, Nyaga alikagua lakiri. Nzima. Akaivunja, akachovya kijiti.

Petroli ilikuwa imeshuka sana.

"Rudia," Muthamia alisema.

Alirudia. Palepale.

"Ameiba saa ngapi?" Nyaga aliuliza. "Ulikuwa umemkalia kama kuku."

Muthamia alishika kijiti, akakigeuza, akakirudisha. "Mimi sijui. Lakini petroli haiendi mbinguni."

"Haiendi. Inaenda mahali kwenye barabara hii, na mbele pale sikupaona. Wakati wa kurudi nitakaa nyuma."

Waliondoka baada ya Cicily kumwona mgonjwa wake. Mawingu yalikuwa yameshuka. Nyuma ya gari, Nyaga aligundua maisha mengine kabisa. Kamba ya turubai ilikuwa imekatika, na kitambaa kile kilikuwa kimevimba kama gunia lililofunguliwa mdomo. Baridi iliingia shingoni, ikatokea miguuni. Kofia yake iliruka, akaidaka.

"Mnasafirisha wagonjwa hivi?" alimuuliza Cicily.

"Unaniuliza mimi?" Cicily alijifunika blanketi mpaka puani. "Kila wiki namwambia mzee huyu. Anasimamisha gari, anashuka, anazunguka, anarudi kwenye usukani. Halafu baridi ni ileile. Siku hizi nimenyamaza. Ni kichwa ngumu."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia kama mtu yeyote. Upepo umezidi."

Nyaga aligonga bati kwa ngumi, akapaza sauti. "Dereva! Upepo umezidi huku nyuma. Hebu punguza!"

Gari lilisimama papo hapo. Mlango ukafunguka. Wakasikia viatu vya Ogle vikizunguka kwenye changarawe. Hakugusa turubai. Akachuchumaa.

Ikasikika sauti: psssssss.

Nyaga alichungulia chini. Ogle alikuwa kwenye tairi la nyuma, ncha ya kijiti kwenye valvu, ametulia kama mtu anayekamua maziwa.

"Ogle. Unafanya nini?"

"Napunguza upepo, Afande. Si umesema?"

Nyaga aliruka chini, akaweka kiganja juu ya tairi, akakiondoa haraka. Lilikuwa moto kama sufuria. Akagusa la mbele. Joto la kawaida tu. Zile alama pana za vumbini zilimrudia kichwani.

"Wacha," alisema polepole. "Simama. Umeanza lini kufanya hivi?"

"Tangu mvua zilizopita. Sista alisema upepo nyuma umezidi, wagonjwa wanaumia. Nikafikiri ni kweli, tairi ngumu inarusha mtu. Nikapunguza. Wiki nyingine akasema bado. Nikapunguza tena. Jumatatu tukienda kujaza petroli wale vijana wa kituo wanaongeza upepo, nikirudi Sista analalamika, napunguza."

"Mungu wangu," Cicily alisema ndani ya blanketi.

"Kwa nini hukumuuliza?" Nyaga alimwambia Ogle.

Ogle alitazama viatu vyake. "Sista ndiye mkubwa wa gari kama kuna mgonjwa. Na yeye hapendi kurudia maneno."

"Na siku ya Makandi?"

"Siku hiyo nilipunguza mwenyewe, bila kuambiwa. Mwenyekiti alikuwa amepiga kelele juu ya petroli. Kwetu Garba Tulla, ukiingia kwenye mchanga na tairi ngumu, gari inajichimbia kaburi, inakunywa tangi zima palepale. Ukitoa upepo inapita juu kama ngamia. Petroli inabaki. Sasa nikasema, kama wanataka petroli ikae, wacha nipunguze zaidi."

Muthamia alikuwa ameshuka. Alisimama na mdomo wazi.

"Hapa si mchanga, Ogle," Nyaga alisema. "Hapa ni changarawe ngumu na lami. Tairi laini linajibandika barabarani, injini inalivuta kama inavuta gogo. Na turubai hilo linashika hewa kama mtu anayekuvuta shati. Kila ulipotoa upepo ili petroli ikae, ndipo ilipokwisha."

Ogle alikaa chini kwenye changarawe. Alifunika uso.

"Basi ni mimi," alisema. "Yule mama alizalia njiani kwa mkono wangu. Andika, Afande. Nakiri."

Cicily alikuwa amekwisha kushuka. "Andika na mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nasema turubai! Mzee Ogle, nilikuwa nasikia baridi tu. Nilitaka ufunge turubai."

"Kwa nini hukusema turubai?" Nyaga aliuliza.

"Kwa sababu upepo ni upepo!"

Ogle alimtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda hawakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka. Cicily akaanza naye. Nyaga alijitahidi kushika heshima ya polisi, akashindwa.

Muthamia peke yake hakucheka. Alichukua pampu chini ya kiti, akaichomeka kwenye tairi, akavua koti lake la kanisani na kuanza kupampu. Walipotaka kumsaidia alikataa. Alipampu mpaka shati likagandamana na mgongo. Kisha akakata kamba ya mgomba kando ya barabara, akafunga turubai kwa mafundo matatu.

"Ogle," alisema, akihema. "Nilisema neno juu ya mfuko wako."

"Ulisema."

"Nimelirudisha."

"Nimelipokea, Mwenyekiti. Lakini fundo lako ni baya. Hebu nifunge mimi."

Jumatatu Ogle hakwenda kortini. Nyaga alijaza tangi tena, akapiga lakiri, na Land Rover likapanda Meru bila kulia. Kijiti kilipochovywa kilionyesha petroli imeshuka kidogo tu; Muthamia alikiomba, akakitazama, akakitia mfukoni mwa koti. Alikwenda nacho kwenye mkutano wa kamati, na alipoulizwa dereva amefutwa lini, alikitoa na kukiweka mezani. Geji mpya ilinunuliwa wiki hiyohiyo.

Kwenye faili Nyaga aliandika kwamba uhalifu haukupatikana. Mkubwa wake alimuuliza ni nini basi kilichopatikana. Alijibu, "Neno moja, bwana, lililokuwa na kazi mbili."

Makandi aliporuhusiwa kutoka hospitalini, gari lilelile ndilo lililomrudisha nyumbani. Alikaa nyuma na Cicily, mtoto amelala kifuani, turubai limefungwa barabara. Walipoanza kuteremka kuelekea Mitunguu, joto la bondeni likawapanda. Jasho lilimtoka mtoto puani.

Cicily aligonga bati. "Mzee Ogle! Tunataka upepo kidogo huku nyuma."

Gari lilisimama. Kisha sauti ya Ogle ikatoka mbele, ya taratibu, ya mtu aliyeapa.

"Upi, Sista?"