Garde ya Sikuli

Mteremko wa soko la Butembo ulikuwa na matope asubuhi ile, na chukudu ya Sikuli, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ilikuwa imelemewa na viazi vya Lubero. Aliona kitambaa cha njano mbele yake, akapiga kelele, akakanyaga breki bure, akageuza usukani. Gunia likaanguka karibu kabisa na miguu ya msichana.

"Weye! Unataka kuniua mbele ya batu?"

"Pardon, dada. Frein imekataa."

"Frein imekataa, ama macho?"

Wauza kabeji wakacheka. Msichana alivaa libaya, blauzi ya njano iliyombana mabega mapana, na matope yalikuwa yamemrukia hadi magotini. Hakuondoka. Alikuwa anatazama miguu ya Sikuli.

"Unasukuma na muguu ya kushoto."

"Tangu utoto."

"Na kuandika?"

"Mukono ya kuume. Dada, unataka kunioa ama kuniingiza jeshini?"

"Ile sikio yako imevimba. Unapigana?"

"Kidogo. Libre." Ndivyo vijana walivyoita mapigano ya mchanganyiko, ngumi na mateke na mieleka pamoja.

"Basi nionyeshe garde yako. Unasimama namna gani?"

Sikuli akasimama katikati ya kabeji, mguu wa kushoto mbele, ngumi juu. Msichana akatikisa kichwa.

"Muguu yenye nguvu umeitanguliza. Utamusukuma mutu na nini? Irudishe nyuma. Ile mukono ya kuandika ikae mbele, imushike. Nani alikufundisha?"

"Maître Zorobabel."

"Umusalimie. Mais hapa alikosea."

Aliitwa Ngalula. Alifundisha wasichana judo katika ukumbi wa parokia huko Beni, upande wa Ruwenzori, na alikuwa amekuja Butembo kununua vitambaa. Baba yake, Papa Mukendi, mtu wa Kasai, alikuwa karani wa serikali aliyehamishiwa Beni.

Tangu siku hiyo, jioni Sikuli alipanda kilima cha Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, ambako hakuna anayesikiliza maneno ya mwenzake, akampigia Ngalula simu.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula fufu na sombe. Na weye, umesimama?"

"Niko nasimama. Muguu ya kuume mbele. Ng'ombe zinaniangalia."

"Zinasema nini?"

"Zinasema huyu kijana amepotea juu ya mwanamuke wa Kasai."

"Hizo ng'ombe ziko na akili!"

Alicheka peke yake kwenye majani. Lakini simu ikikatika, upweke ulirudi mara moja. Wazazi wa Sikuli walikufa katika vita vya kwanza vya Kongo, wala hakubaki mjomba wala shangazi. Maître Zorobabel, katekista, alimchukua, akamfundisha kusali, kisha kupigana. Wanafunzi wake wote walisimama namna moja, kushoto mbele, kama waimbaji kwenye maandamano ya Ekaristi. Hiyo ilikuwa fahari yake.

Siku moja mazoezini akaona miguu ya Sikuli.

"Nani amekupa hiyo garde?"

"Ngalula, maître. Yule niliyekuomba uende kunisemea kwao."

Mzee akampa mgongo. "Kama garde yangu ni mubaya, mudomo yangu pia ni mubaya. Mwambie yeye akusemee."

Sikuli alipiga magoti kanisani jioni hiyo, akasali mpaka magoti yakafa ganzi. Mwanaume hajiombei mke. Lazima mtu wa nyumbani mwake aende, akae, aseme. Naye hakuwa na mtu mwingine duniani.

Kisha Sikuli alikuwa na pambano la libre huko Beni. Ngalula alikaa mbele kabisa, amevaa kitenge cha bluu, na baba yake pembeni. "Papa, utaona," alisema. "Nimemufundisha mimi."

Sikuli akaingia, akamtazama maître kwenye kona, akaweka mguu wa kushoto mbele.

Mpinzani alimshika mguu ule ule, akamwangusha, akamlalia shingoni. Mambo yakaisha upesi. Papa Mukendi alikohoa, akatazama pembeni kwa heshima ya binti yake.

"Umenikana mbele ya papa yangu," Ngalula alisema kwenye simu.

"Chérie, iko sababu."

"Sema."

Ni aibu kumwambia msichana kwamba wazee wanakuja kabla wazee wenyewe hawajapiga hodi.

"Utaijua. Ngoja kidogo."

"Nilingoja pale uwanjani, Sikuli. Inatosha."

Hakupokea simu tena.

Maître Zorobabel alikuwa ameona garde yake imerudi, akakubali. Alivaa koti, akapanda motokari ya Beni kwenda kumsemea Sikuli. Kabla hajafika, watu wenye silaha walitoka msituni. Mwili wake ulirudishwa Butembo, na wanafunzi wake wakambeba.

Baada ya mazishi Sikuli alifagia ukumbi kila siku, ingawa hakuna aliyeuchafua. Alisali kwa sauti ili asikie mtu akisema. Mungu alimsikia, naamini hivyo, lakini nyumba ilibaki kimya.

Siku wanajeshi walipoanza kusindikiza magari, alifua shati lake jeupe, akaenda Beni.

Papa Mukendi alipanga viti sebuleni kama inavyofaa, upande wa wenyeji na upande wa wageni. Upande wa wenyeji alikaa yeye, mke wake na Ngalula. Upande wa pili alikaa Sikuli, na viti vitupu pembeni yake.

"Benzako bako wapi?"

"Niko peke yangu, papa. Maître Zorobabel njo alikuwa wa kunisemea. Alikufa katika njia ya kuja hapa."

Ngalula akainua uso. "Alikuwa anakuja hapa?"

"Alikataa kwanza, juu ya garde. Nikairudilia ya kwake, ili akubali. Nilijua nitaanguka."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Bazee balikuwa habajapiga hodi."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Papa Mukendi alivua miwani, akaishika mkononi kwa muda mrefu.

"Pole, mutoto yangu. Pole kabisa. Mais mwanaume hajisemei. Kwetu Kasai ni vile, na hapa ni vile. Rudi na mutu."

"Sina mutu, papa."

Sikuli akaegemea mbele ili ainuke aage.

Ngalula aliinuka kabla yake. Alikaza kitenge chake, akavuka katikati ya sebule, akaketi kwenye kiti kitupu karibu na Sikuli, akamgeukia baba yake.

"Ngalula, unafanya nini?"

"Papa, mama," alisema, mikono imekunjwa magotini kama mgeni, "mimi ni mutu wa Sikuli. Tumekuja kuomba binti wa nyumba hii."