Mchuzi wa Tui la Kwanza

"Mama, tui ni hili tu?"

"Nazi moja hutoa hilo, Fahmi. Ulidhani lachotwa kisimani?"

Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi jikoni kwa mama yangu, Bi Ummu, vidole vimechubuka, mbele yangu kikombe kimoja cha tui zito. Mwanamume mzima, fundi wa kuchonga milango, nashindwa na mchuzi wa biringani na viazi. Na mchuzi huo huo ndio ulionitoa nyumbani kwangu. Kwangu wapi! Nyumba ni ya mke wangu, Rawiya. Kwetu Mkomani baba humpa binti nyumba akiolewa, mume akaingia na begi lake la nguo. Mimi niliingia na begi, na nimetoka nalo.

Sikilizeni nilivyojiharibia. Kazi ya milango ilipopungua, Rawiya hakununa. Aliacha nyama, akaacha samaki, akawa anapika biringani na viazi kwa nazi, na kila asubuhi ananifungia bakuli niende nalo karakana. Siku ya nne tu nikaenda kumlalamikia mama. Mama naye akanionea huruma, akaanza kuniletea wali na samaki wa kupaka, sahani imefunikwa kawa.

Sasa mnajua, kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Ukiletewa chakula, chombo unakirudisha na kitu ndani. Mimi karakana ningetia nini, maranda? Nikala samaki wa mama, nikamimina mchuzi wa Rawiya kwenye sahani ya mama, nikairudisha. Mama akadhani mkwewe ndiye anayemkumbuka. Jioni Rawiya akiona bakuli limerudi jeupe uso unamng'aa, nami, Mungu anisamehe, namwambia leo umejishinda. Mwezi mzima na ushei, kila siku uongo ule ule.

Jumamosi moja, kwenye harusi ya jirani yetu Aaliya, mama akamshika Rawiya mkono mbele ya wanawake wenzake, akamshukuru. Akasema wakwe wengine huwaona Idi hadi Idi, huyu kila siku amletea mtuzi, na mtamu mpaka yeye ameacha kupika mboga. Rawiya alitabasamu, akajibu kwa adabu. Kisha akarudi nyumbani, akanikuta nimejinyoosha ukumbini, naye hata buibui hajavua.

"Mchuzi wangu ulikuwa mbaya?"

"Haukuwa mbaya."

"Uliuonja?"

Nikatazama ukuta.

"Ungeniambia umechoka na biringani, Fahmi, ningenuna siku moja, yakaisha. Wewe umenisifu kwa chakula usichokila. Sasa ukiniambia wanipenda, nitajuaje?"

Akaniletea begi langu.

Siku nane simu zangu hakupokea. Nilimwandikia nisamehe, nikamwandikia nifanye nini, naona tiki za buluu na kimya. Siku ya tisa akajibu maneno matatu.

"Upike mwenyewe, ujue."

Ndiyo maana nilikuwa juu ya mbuzi. Mama akachukua machicha, akayatia maji tena, akakamua tui la pili. Likatoka jepesi, rangi ya maji ya kuoshea mchele. Akanieleza kwamba hilo nalo lapika, ila mchuzi wake haushiki hata wali. Halafu akaacha kukamua, akanitazama.

"Fahmi, ule mtuzi uliokuwa ukinijia hapa ulikuwa mzito. Tui la kwanza tupu. Rawiya alikuwa akinunua nazi ngapi?"

"Moja."

"Basi yeye alikuwa akila nini?"

Nilikumbuka siku moja niliyofunua sufuria yake ndogo, nikaona vipande vya biringani vinaelea kwenye maji ya manjano. Nilimcheka, nikamuuliza huu ni mchuzi au chai. Akasema yeye hapendi mzito, unamjaza tumbo. Nikaamini, maana kuamini kulinifaa. Cha mwanamke yule kizuri chote nilikimimina kwenye sahani ya mtu mwingine, na yeye akabaki na maji. Nililia palepale, na mama hakunibembeleza.

Nilipika. Tui la kwanza lote nikalitia kwenye mchuzi wa Rawiya, la pili kwenye wangu. Nikafunika sahani kwa kawa, nikamwomba dada wa Rawiya, Nasreen, ampelekee.

Alasiri Nasreen akarudi. Sahani imeoshwa, imekaushwa, na haina kitu. Mama aliishika mikononi, akaigeuza, akaiweka chini. Nami nikajua yamekwisha. Nikaenda zangu kukaa na begi langu chumbani.

Simu ikalia kidogo. Ujumbe.

"Nimekula wote. Chumvi hukutia. Sahani nimeirudisha tupu makusudi, zilizojazwa uongo zimetosha."

Kabla sijajibu ukaingia mwingine.

"Na wewe umekula upi?"

"Wa maji," nikaandika. "Sikujua, Rawiya. Nilipaswa kujua."

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Nilingoja mpaka adhana ya magharibi.

"Kesho njoo na nazi mbili. Begi liache huko huko kwanza."

Nazi nimeshanunua, ziko mlangoni. Begi liko chini ya kitanda cha mama, na sijui litakaa hapo mpaka lini.