Hatua za Mzee Tennfjord

Jioni ile nilishuka melini na shoka, kukata barafu ya kuyeyusha tupate maji. Nilikuwa mpishi wa meli ya Fjellrypa. Ilikuwa imebanwa na barafu mashariki ya visiwa vya Svalbard kwa wiki saba. Ilivuja, na tulisukuma pampu kwa zamu, usiku na mchana.

Mzee Aslak Tennfjord, kiongozi wa msafara, alikuwa ameondoka siku nne kabla kutafuta njia ya maji. Peke yake, na moyo mbovu. Alisema hiyo ndiyo safari yake ya mwisho, na hatamtuma mtu kazi yake.

Ndoo ilikuwa nusu niliposikia hatua kwenye ubao wa kupandia melini. Nzito. Kisha viatu vikigongwa kutoa theluji... mara mbili, kama afanyavyo yeye.

Nikainua macho. Hapakuwa na mtu. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo zangu tu.

Sikuogopa. Kwetu Norwei mtu huweza kutanguliwa na sauti yake. Unasikia mlango, unasikia viatu, unabandika kahawa; muda si mrefu mwenyewe anaingia. Huyo asikikaye kwanza tunamwita mtangulizi.

Nikabandika kahawa.

"Mzee yuko njiani," nilimwambia Ingebrigt, nahodha msaidizi.

"Umemsikia?"

"Na viatu vyake."

"Basi ongeza maji humo. Kahawa yako itamuua kabla ya moyo."

Tulicheka. Kahawa ikapoa.

Usiku barafu ikapasuka. Mfereji wa maji meusi ukafunguka mbele yetu hadi bahari wazi. Tungeweza kuondoka. Lakini nani amwache mtu aliyekwisha sikika akirudi? Tukangoja. Alfajiri mfereji ukajifunga, mbao za ubavuni zikalia, na maji ndani yakafika magotini.

Siku ya tatu, hatua tena. Safari hii sote tulizisikia. Zilivuka sitaha, zikashuka ngazi, zikasimama mlangoni pa chumba chake. Kukanuka tumbaku yake.

Mfereji ukafunguka. Tukangoja. Ukajifunga.

"Anatuzuia," Ingebrigt alininong'oneza.

"Usiseme hivyo, kaka."

"Tuko tisa, Sivert. Meli haistahimili kubanwa tena. Mfereji ukifunguka, kata kamba."

Ulifunguka Jumapili, kwenye ukungu mzito. Injini ikawaka. Nilisimama tezini na shoka. Kamba moja tu ilitushikilia kwenye barafu.

Ndipo hatua zikaja.

Zilikuwa zinakimbia. Theluji ikivunjika... kru, kru, kru... kutoka ndani ya ukungu.

"Mtangulizi tu huyo!" alisema Ingebrigt. "Kata!"

Ikafuata sauti, chini yangu kabisa, ikihema.

"Sivert... ngoja."

Nikakata.

Tulifika Tromsø watu tisa. Mbele ya hakimu niliapa kwamba sikumwona mtu, na sikusema uongo. Ingebrigt aliapa kwamba alisikia hatua tu.

Bibi yangu amewasikia watangulizi maisha yake yote. Milango, viatu, fimbo. Nilipofika kwake nilimuuliza kama amewahi kumsikia hata mmoja wao akitamka neno.

Aliacha kufuma.

"Hao hawasemi, mjukuu wangu," alijibu. "Kwani wako alisema nini?"