Hedifoni za Cornel na Hodi ya Mama Mkwe

Ndugu zangu wa Ibadakuli, na wewe mpita njia uliyesimama kusikiliza, haya ninayowasimulia ni kweli tupu. Naapa kwa mvi zangu na kwa pensheni yangu, ambayo huchelewa kufika lakini haikawii kwisha. Chumvi hamna humu, daktari alishanikataza.

Nyumba ya Cornel ilikuwa na amani. Mwenyewe aliendesha bodaboda, mkewe Agnetha aliuza mchele sokoni mjini, na mtoto wao wa miaka miwili, Marselino, alishinda kwa Bibi Zipora, mama yake Agnetha, ng'ambo ya mashamba ya dengu. Jioni wote walikula sahani moja. Wangeendelea hivyo, kama si gemu.

Cornel alicheza gemu la vita kwenye simu, pamoja na wenzake ambao hakuwahi kuwaona kwa macho: Wiliam wa Geita na Ritha wa Kahama, huko upande wa Buzwagi. Walicheza huku wakiongea, na simu ya Cornel ilibeba kila sauti ya uani kwake, hasa jogoo. Jogoo yule, msinicheke, alikuwa akiwika mpaka ndege inasita kutua kwenye uwanja wa ndege hapa jirani.

"Cornel, huyo naye ni wa timu yetu?" Wiliam aliuliza.

"Mpe bunduki basi," Ritha akadakia. "Huenda ana shabaha kuliko mwenye nyumba."

Maneno hayo yalimchoma. Akaamua kununua hedifoni. Agnetha hakumkataza. "Nunua, Baba Marselino," alimwambia. "Ila nunua ambayo nikikuita utasikia."

Mjini, muuzaji aitwaye Nasibu alimpangia aina tatu mezani. "Kaka, kwa mfuko wako ni hizi. Za kuchomeka ni rahisi, ila waya wake hukatika mapema. Hizi za sponji ni nyepesi, zina maiki nzuri, na sauti ya nje inaingia kidogo. Na hizi kubwa za mtumba zinafunika sikio lote. Ukizivaa, hata mvua ya mawe huisikii."

Cornel akavaa zile kubwa. Kelele za mtaa zikazimika. Aliona midomo ya Nasibu ikicheza bila sauti. Akazivua.

"Umesemaje?"

"Nimesema chukua za sponji. Unaishi na watu."

"Hao watu ndio shida yenyewe," Cornel akasema, akalipia zile kubwa.

Jamani, ni nadra muuzaji kumsihi mteja, na mke kusema jambo lile lile bila wao kukutana. Mambo mawili yakikubaliana hivyo, mtu mzima hutulia akafikiri. Cornel hakufikiri.

Mchana mmoja wa jua kali alirudi kupumzika. Akaegesha pikipiki uani, akavua shati, akajilaza kitandani, akavaa hedifoni. Simu aliiweka isipokee mtu mchezo ukiwa unaendelea. Loo, alisikia vizuri! Alisikia nyayo za adui zikipanda ngazi upande wa kushoto, alisikia risasi ikiingizwa kwenye bunduki nyuma ya ukuta.

"Leo jogoo amesafiri?" Wiliam akauliza.

"Nimemfungia nje!" Cornel akacheka kwa sauti.

Walishinda. Akazivua, masikio yakiwa ya moto. Kuku wakarudi, upepo ukarudi, na katikati yake sauti iliyokwisha kukauka: "Hodi... hodi humu."

Mnazijua mila zetu. Mama mkwe haingii kwa mkwewe wa kiume, wala hachungulii dirishani. Hubisha hodi uani, akageukia pembeni, akangoja. Bibi Zipora alikuwa ameketi chini kando ya pikipiki, mgongo kwa mlango. Mapajani pake Marselino alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka juu, mwili unachoma.

"Ulikuwa unajistiri, baba," akasema bila kugeuka. "Nimeona pikipiki, nikajua upo. Nikasema hawezi kunitokea kifua wazi. Nikangoja."

"Ndiyo, mama," Cornel akajibu. "Nilikuwa najistiri."

"Nimepiga na simu."

"Ni mtandao, mama."

Siku hiyo mkwe na mkwe walipanda pikipiki moja. Bibi alijifunika kanga uso mzima, mtoto katikati yao, mpaka hospitali ya Kolandoto. Daktari alisema malaria imepanda kichwani. Alisema pia kwamba wangewahi ingesaidia. Cornel aliyasikia yote, ila kwa mbali, kana kwamba hajazivua.

Agnetha alifika na vumbi la mchele mikononi. Alimtazama mumewe muda mrefu. Kuzunguka masikio yake kulikuwa na alama mbili nyekundu, mviringo kabisa.

"Mama anamwambia kila nesi kwamba mkwe wake ana heshima," Agnetha akasema taratibu. "Mwache aamini hivyo."

Hakumfokea. Cornel akaketi kwenye benchi, akangoja uchungu uje. Haukuja. Alisikia njaa tu, akaona aibu kusikia njaa.

Baadaye, mtoto akiwa angali amelazwa, alishindwa kuubeba ule uongo. Akamfuata Bibi Zipora nje ya wodi, akasimama kwa mbali, akatazama ukutani.

"Mama, siku ile sikuwa najistiri."

"Najua, baba," Bibi akasema. "Nilikusikia ukicheka."

Cornel alitikisa kichwa, akarudi kwenye benchi lake.

Lakini Mungu si Athumani. Marselino alifumbua macho, akaruhusiwa, akarudi nyumbani. Leo hii anakimbiza kuku uani kutwa nzima, na yule jogoo akimwona hupanda juu ya bati.

FUNZO

Ndugu zangu, gemu si dhambi, na mwenye pesa kidogo naye ana haki ya kuburudika. Lakini unaponunua hedifoni usiulize tu utasikia nini. Uliza na nini hutakisikia tena. Chukua nyepesi zinazopitisha sauti ya nje. Ukishindwa, acha sikio moja wazi, na simu za nyumbani ziache ziingie. Na ninyi mama wakwe, mtoto akizidiwa, ingieni ndani. Heshima itaombewa radhi baadaye.

Nilipofika hapo, madereva wa bodaboda kijiweni walipiga makofi, maana hadithi yote hii nilikuwa nawasomea wao kutoka kwenye karatasi. Mmoja, mwishoni mwa foleni, hakupiga. Akavua helmeti. Alikuwa Cornel.

"Mzee Eustace, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Marselino hakimbii." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja nauli. "Miguu haijarudi. Bado anabebwa. Mengine yote umesema sawasawa."

Dereva mmoja akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hapa mwongo hununua, hata awe na mvi. Nikanunua. Soda kwa kila mtu, na ya kwanza nikampelekea Cornel mwenyewe.

Akainywa yote, akarudisha chupa kwenye kreti. "Asante, mzee," akasema. Abiria akaja, Cornel akampa helmeti, wakaondoka. Mimi nikabaki nalipa.